Siku Mama Mkwe Wangu Alipokula Kiapo

Namshukuru Bwana aliyenipa miguu ya kusimama mbele yenu asubuhi hii. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nimeombwa kusimama hapa mara mbili na mara zote nilikataa. Mara ya kwanza nilimwambia Mchungaji sina la kusema. Mara ya pili nikamwambia nina kikohozi. Leo nimekuja kwa sababu mama mkwe wangu amenitisha kwamba nikikataa tena atasimama yeye, na yeye akianza kusema jua litazama tukiwa bado humu ndani.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Neema, fundi cherehani wa kule Mikindani. Hayo majoho ya kwaya nimeyashona mimi. Mnamjua pia aliyekuwa mume wangu, Damasi, kwa sababu aliimba sauti ya nne katika kwaya hii hii, akisimama mstari wa nyuma karibu na dirisha. Sitamsingizia wala sitamfichia. Nitasema yaliyotokea.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa kijiji kimoja cha kata ya Ziwani, kwenye mikorosho na mihogo. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Kwetu Wamakonde mkubwa wa mtoto ni mjomba, kwa hiyo mjomba ndiye aliyenilea na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli. Nilifaulu kwenda sekondari. Jina langu lilibandikwa ukutani pale shuleni, nikalisoma kwa macho yangu, nikarudi nyumbani mbio. Mjomba alikuwa shambani anaokota korosho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Vizuri," akainama akaendelea kuokota. Shule zilipofunguliwa hakuna mtu aliyetaja habari za sare wala daftari. Nikajua.

Nilipofikisha miaka kumi na sita walikuja wageni watatu kutoka Mikindani. Walikaa na mjomba barazani, wakala wali kwa kuku, na walipoondoka nikaitwa nikaambiwa nimepata mume. Anafanya kazi bandarini, anasali, hanywi pombe. Nikasema sitaki. Mjomba akaniuliza, "Nani amekuuliza?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli ni nani aliyeniuliza.

Ningependa kuwaambia kwamba Damasi alikuwa mlevi, maana mlevi tunamwelewa. Lakini hakuonja hata uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wa korosho. Alikuwa mtu safi, shati lake limenyooka, anawahi kanisani. Cherehani ninayoitumia hadi leo alininunulia yeye. Na alikuwa ananipiga. Alinipiga kwa chumvi kuzidi, kwa mlango kuachwa wazi, kwa kumjibu, kwa kutomjibu. Akimaliza ananawa mikono, anakaa, anaomba chakula.

Tuliishi nyumba moja na mama yake, Bibi Koleta. Mwanamke mfupi, mkono wa kulia umepinda kidogo, si mwongeaji. Na hapa ndugu zangu naomba mnisikilize vizuri. Kila mara mwanawe aliponianza, yule mama alikuwa ananyanyuka, anatoka uani, anashika mchi na kuanza kutwanga. Mnajua sisi tunakula ugali wa muhogo, kutwanga makopa, ule muhogo mkavu, si jambo la ajabu. Lakini yeye alitwanga wakati huo huo. Ndani mimi nalia, nje kinu kinalia. Nikinyamaza, na yeye ananyamaza. Miaka kumi na mitano. Damasi nilimwogopa, lakini yule mama nilimchukia. Nilimpikia, nilimfulia, nilimchotea maji ya kuoga, na nilimchukia kwa chuki ambayo hata kwenye maombi sikuitaja, kwa sababu sikutaka Mungu aiondoe.

Nilijaribu kusema. Nilikuja katika kanisa hili, nikamweleza mama mmoja mkubwa kati yetu. Sitamtaja. Akanishika bega akaniambia, "Mwanangu, rudi nyumbani, ufunge ulimi na uongeze maombi." Nikarudi. Nikafunga ulimi. Nikaongeza maombi. Vipigo havikupungua. Simlaumu tena, alinipa alichopewa na yeye. Lakini nalisema hapa wazi ili asiwepo mwingine wa kutoa ushauri huo kwenye nyumba hii ya Mungu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Binti yetu Neema alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Jumatano moja mchana Damasi alirudi kutoka kazini na kitambaa cheupe, kizuri, chenye maua ya kufumwa. Akakiweka juu ya cherehani. Akasema, "Mshonee Neema gauni. Liwe tayari Jumamosi."

Nikafurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nikadhani ni gauni la kipaimara. Nikamwita Neema, nikachukua tepu, nikaanza kumpima. Mabega, kifua, kiuno. Neema akacheka kwa sababu tepu ilimtekenya. Nikamwuliza baba yake, "Baba Neema, nilifanye refu kiasi gani?"

Akasema, "Refu la bibi harusi."

Tepu bado ilikuwa kiunoni kwa mwanangu. Kiuno chenyewe kilikuwa chembamba, tepu nusu nzima ilibaki mkononi. Damasi akaeleza taratibu, kama anavyoeleza habari za kazini: kuna bwana mmoja, mnunuzi wa ufuta, mtu mzima, ana nyumba mbili, wameshakubaliana, Jumamosi atakuja na watu wake. Neema hakuelewa. Alinitazama mimi usoni kuona kama ni utani.

Nikaikunja tepu. Nikamwambia, "Sishoni."

Ndugu zangu, katika miaka kumi na mitano hilo lilikuwa neno la kwanza la hapana kutoka kinywani mwangu ndani ya nyumba ile, na sikulitunga mimi. Mpaka leo najiuliza lilitoka wapi. Mimi niliyefundishwa unyagoni kuvumilia, niliyenyamazishwa na mjomba, niliyeambiwa kanisani nifunge ulimi, nilisimama mbele ya mwanamume yule na sikutetemeka. Kama mnatafuta muujiza, anzieni hapo.

Alinivunja mkono. Huu wa kushoto. Nilisikia ukikatika. Neema alipiga kelele akakimbilia uani, na huko uani, kama kawaida, kinu kikaanza.

Asubuhi iliyofuata Damasi alikwenda bandarini. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mkono umevimba mpaka vidole. Bibi Koleta akaingia. Alikuwa na kanga mbili mkononi. Moja akaikunja akanifunga mkono shingoni. Ile ya pili akamfunika Neema kichwani. Kiswahili chake ni cha kwetu bara, mtoto kwake ni ntoto na mtu ni ntu. Akaniambia, "Nchukue ntoto. Pita huku nyuma, nenda kwa Zuhura. Nimeshamwambia."

Nikamkodolea macho. Sikumshukuru. Nilifikiri ni mtego, lakini nikamshika Neema mkono nikaenda.

Bi Zuhura ni jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu anayeuza samaki wa kukaanga, na mnamjua wengi wenu maana mnakula kwake. Kumbe alikuwa pia mjumbe wa ile kamati ya kata inayolinda wanawake na watoto. Mimi nilipita mlangoni kwake kila siku na sikujua. Alikuwa ameshavaa baibui, bajaji imeshafika. Nikamsalimu, "Shikamoo, Bi Zuhura." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Leo hatusalimiani sana. Panda."

Alitupeleka moja kwa moja kituo cha polisi mjini, kwenye ile ofisi ya wanawake na watoto ambayo wenyewe wanaiita dawati. Nilimkuta askari wa kike, mdogo kuliko mimi. Nilitegemea aniulize nilimfanya nini mume wangu. Akaniuliza, "Mama, umekula?" Nikaanza kulia hapo, kwa swali hilo. Aliandika maelezo yangu yote bila kunikatiza, akanipa fomu ya PF3, nikaenda nayo hospitali, mkono ukafungwa plasta. Maelezo ya Neema aliyachukua pembeni, peke yake, kwa upole. Kabla ya jua kuchwa Damasi alikuwa amekamatwa. Yule mnunuzi wa ufuta alipopata habari kwamba kumwoza mwanafunzi ni kesi, alivuka mpaka wa mto Ruvuma akaenda nchi ya pili, na hajaonekana tena.

Sikuwa na pa kwenda. Kwa mjomba nisingeweza. Bi Zuhura akatupeleka Madimba kwa dada yake, mjane, mwenye shamba la mihogo. Tulikaa kule miezi minne. Yule mama hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Yeye alitandika mswala chumba cha mbele, mimi na Neema tulipiga magoti chumba cha nyuma. Jumapili ya kwanza alinikuta nimekaa tu, akaniuliza, "Kwani leo si siku yenu? Kanisa lipo kule nyuma ya shule. Nenda, Neema atanisaidia kumenya mihogo." Nilitembea kwenda kanisani na plasta yangu huku nikistaajabu. Nilikuwa nimemwomba Mungu miaka yote aniletee msaada, nikimtazamia kwenye mlango huu hapa. Yeye akaniletea kwa mlango wa Bi Zuhura. Ndugu zangu, njia zake hazina mipaka tunayoichora sisi.

Mjomba alinifuata Madimba. Alikuja na wazee wawili, wakakaa, wakapewa maji. Akasema, "Mpwa wangu, umemfunga mume. Ifute kesi, tukayamalize nyumbani."

Nikamwambia, "Mjomba, nyumbani ndiko yalikoanzia."

Aliondoka bila kuaga. Alipoondoka niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu nilijua sasa sina ukoo. Na kesi yenyewe ilikuwa inayumba. Damasi alikana. Alisema niliteleza kisimani. Majirani waliulizwa, mmoja mmoja wakasema hawajawahi kusikia kelele. Na walikuwa wanasema kweli. Walichosikia wao ni kinu.

Siku ya kusikilizwa nilikuwa shahidi wa kwanza, daktari akawa wa pili, mimi nikabaki nimekaa kwenye benchi pamoja na Bi Zuhura. Upande wa pili walikaa ndugu zake Damasi, wamejaa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi Koleta na fimbo yake. Mashemeji zangu wakasogea kumpa nafasi. Nikamnong'oneza Bi Zuhura, "Amekuja kumtetea mwanawe." Bi Zuhura alinishika goti.

Mwendesha mashtaka akasema shahidi wa tatu aitwe. Karani akaita, "Koleta."

Mama hakukaa. Alipita mbele ya wanawe wote wale, akapanda kizimbani, akapewa Biblia. Alikuwa amekwenda dawati mwenyewe, peke yake, wiki mbili kabla, kuandikisha maelezo. Hakuna aliyemtuma na hakumwambia mtu. Hajui kusoma wala kuandika, aliweka dole gumba.

Akasema, "Mheshimiwa, Kiswahili changu kibovu."

Hakimu akamwambia, "Sema tu, mama. Tutakuelewa."

Mwendesha mashtaka akamwuliza alikuwa wapi siku ile mkwewe alipovunjika mkono. Akajibu, "Nilikuwa uani natwanga."

"Ulikuwa unatwanga nini?"

"Siku nyingine makopa. Siku ile kinu kitupu."

Akaulizwa kwa nini atwange kinu kitupu.

"Ili majirani wasisikie ntoto wa watu analia. Niliona haya. Huyu ni mwanangu, nimenzaa mimi." Kisha akakunja mkono wa gauni lake, akauinua ule mkono wake uliopinda, nilioutazama miaka kumi na mitano nikidhani amezaliwa hivyo. Akasema, "Huu nkono aliuvunja baba yake. Haukutibiwa, ukajiunga wenyewe. Huyu Damasi alikuwa mdogo, amekaa mlangoni, anatazama. Nilinyamaza, na yeye akajifunza. Sasa ameanza kumuuza mjukuu wangu. Mheshimiwa, mimi nimechoka kutwanga."

Hakimu akamgeukia Damasi, akamwuliza kama ana swali kwa shahidi. Damasi akasimama. Akamtazama mama yake. Akasema, "Mama."

Hakimu akamwambia hilo si swali. Akakaa, akafunika uso.

Ndugu zangu, nimesoma habari za maji kugawanyika na za wafu kufufuka, na ninaziamini. Lakini ile nimeiona kwa macho yangu. Mwanamke wa miaka karibu sabini, asiyejua herufi, anayemtegemea mwanawe kwa kila tonge, anasimama mbele ya ukoo wake wote na kusema kweli inayompeleka mtoto wake jela. Nguvu ile haipatikani kwenye ugali. Nilikuwa nimekaa umbali wa hatua chache tu na mtu aliyeguswa na Mungu, na ni mtu yule yule niliyemchukia.

Damasi alifungwa. Mashemeji zangu walitoka nje wakampita mama yao kama jiwe. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye ngazi za mahakama, fimbo mapajani, anatazama barabara. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na mitano ya kumwambia, nilishayapanga. Niliyatafuta sikuyaona. Hayakuwapo. Ile chuki niliyomficha Mungu ilikuwa imeondolewa bila hata kuombwa, na sijui iliondolewa saa ngapi, kama ni pale alipoinua mkono au pale alipotaja kinu kitupu.

Akaniuliza, "Sasa mimi narudi wapi?"

Nikamwambia, "Twende, mama." Na nikamwinua kwa mkono wangu uliovunjwa, uliokuwa umepona.

Ndiyo habari yangu. Nilidhani ninasubiri kuokolewa kutoka kwa Damasi tu, na kumbe Mungu alikuwa na wanawake wawili wa kuwatoa katika nyumba moja. Leo tunaishi vyumba viwili, mimi, yeye na Neema. Neema yuko kidato cha tatu, anapenda hesabu, mimi mama yake sijui amezitoa wapi. Mama mkwe wangu huenda gerezani kumwona mwanawe. Mimi humpikia cha kupeleka. Kwenda kwenyewe bado sijaweza, na silisemi hilo kwa kujisifu, nalisema ili mniombee.

Bi Zuhura amenivuta kwenye ile kamati. Nimeshawasindikiza wanawake kwenye dawati, nimeshakaa na wazazi wa mabinti, nimeshatukanwa barabarani kwamba navunja ndoa za watu. Nimezoea. Mwezi uliopita, mchana, alikuja mama mmoja na binti yake amevaa sare ya shule. Walisimama mlangoni, wameshikana mikono. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, kabla sijanyanyuka mama mkwe wangu alishasogea kwenye mkeka akawapisha. Akawaambia, "Ingieni mkae. Hapa hapigwi ntu."

Yule binti akatazama huku na huku chumbani, kama mtu anayehakikisha, halafu akavua viatu.

Baba zangu na kaka zangu mliomo humu, nawaheshimu. Mtoto wenu wa kiume anatazama. Sina zaidi ya hilo kwenu.

Na wewe dada yangu uliyevaa mikono mirefu katika joto hili la Mtwara, sikuombi usimame na sikuombi useme neno hapa mbele. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo hilo nikiimba tenzi na mbavu zinauma, na nilidhani Mungu anasikia wimbo tu. Alikuwa anasikia yote. Hakuchelewa kwa kuwa hanijali. Alikuwa ananiandalia watu, na mmoja wao alikuwa anakula meza moja na mimi. Mtegemee Yeye, naye hatashindwa kumwinua mtu usiyemdhania. Ibada ikiisha, mimi na mama tutakuwa kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Mkeka umeshatandikwa. Njoo hata kama hujui utaanzia wapi, mama atakupisha ukae.